Kiti cha Kushoto

Gari la baba lina usukani upande wa kuume. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, hilo si habari. Kwetu Kolwezi, ambako tunapita kuume, ni jambo linaloamua nani akae wapi na nani afanye nini garini. Magari haya yalitufikia kwa njia ya Zambia, yakiwa yamekwisha kutumiwa na watu tusiowajua, na tulikuwa tumeyazoea zamani kabla serikali haijaanza kuyakataza. Dereva anakaa karibu na majani na mifereji. Anayekaa kushoto ndiye anayekaa katikati ya barabara, uso kwa uso na wanaokuja, bila usukani wala breki.

Kwa hiyo tuna desturi. Dereva akitaka kulipita lori lililo mbele yake, haoni kitu ila mgongo wa lori. Anauliza: "Kuko mutu?" Aliye kushoto anachungulia, kisha anajibu "Pita" au "Ngoja". Neno la tatu hakuna. Anayejibu "nadhani" hapewi kiti hicho tena. Hapewi mlevi, hapewi mwenye usingizi, na katika familia yetu hapewi mtu aliyegombana na dereva asubuhi hiyo. Nimewahi kuona mgeni kutoka Kinshasa akipanda gari la namna hiyo, akajifunika shali na kulala kwenye kiti cha kushoto tangu daraja la Lualaba mpaka Likasi, na dereva akabaki nyuma ya lori moja njia nzima, akilaani kimoyomoyo. Mgeni hakujua kwamba amekalia kazi.

Katika gari la baba, kazi hiyo ilikuwa ya mama. Na mama hakungoja kuulizwa. Alianza kusema gari lilipotoka uwanjani kwetu, akanyamaza tulipofika. Kinga pale. Mbuzi. Mutoto anataka kuvuka. Shimo, shimo, lingine. Ile kamiyo inasimama, punguza. Kinga ni baiskeli na kamiyo ni lori kwa Kiswahili cha kwetu, na mama aliziona baiskeli zote za Katanga. Hakuwa hivyo zamani. Nilipokuwa mtoto alikuwa akimenya machungwa garini na kutupa maganda dirishani. Kusema kulimjia ukubwani, nasi tukakupokea kama tunavyopokea maumivu ya magoti, kwamba ni mambo ya umri. Wajukuu walimwiga. Kaka yangu mkubwa alisema mama ndiye anayeendesha, baba anazungusha tu usukani. Baba mwenyewe alicheka kuliko sisi sote.

Mimi sikucheka sana. Sina subira na watu wanaosema kila wanachokiona. Baada ya Pasaka moja, nilipofika Lubumbashi kichwa kinaniuma kwa ajili ya baiskeli ambazo nilikuwa nimeziona mwenyewe, niliapa kutosafiri tena na wazee hao wawili.

Kisha mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Lubumbashi, alijifungua, na mama akaenda kwa basi kumsaidia. Ulipofika wakati wa kurudi, baba akasema atamfuata kwa gari. Hapo ndipo ndugu zangu walipoanza kupigiana simu. Baba alikuwa amekwangua nguzo ya lango, akaikwangua tena. Jirani mmoja wa Musonoi alisema kwamba alikutana naye barabarani na ilibidi yeye ndiye aingie majanini. Kaka aliye Dilolo, mpakani kabisa na Angola, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mzee aache usukani. Ukiwa Dilolo, kila kitu cha Kolwezi ni rahisi. Ikaamuliwa kwamba nimsindikize baba, na njiani nimwambie kuwa safari hii ndiyo ya mwisho. Nilichaguliwa kwa sababu mimi hanigombezi. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini neno lenyewe hupewa mmoja akaliseme.

Nilijua ninatumwa kuchukua nini. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi kwa koleo. Baba alipanda juu ya mtambo. Aliendesha malori ya mgodini huko Mashamba, yale ambayo gurudumu peke yake linampita mtu urefu, akashuka nayo shimoni na kupanda nayo mpaka alipostaafu. Mtaani hawamwiti kwa jina. Wanamwita tata shofa, yaani baba dereva, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi. Mama wa kanisani akifiwa huko Likasi, anakuja kubisha hodi kwetu kwanza, apelekwe. Mwondolee gari, atabaki mzee mwenye kiti kwenye kibaraza, na wazee wa namna hiyo tunao wengi. Kwenye simu hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Tuliondoka asubuhi, vumbi likiwa bado halijaamka. Nilikaa kushoto nikiwa na nadhiri kwamba sitasema neno lisilohitajika. Nilitaka baba aonje raha ya kusafiri na mtu aliyetulia.

Barabara ya Kolwezi kwenda Likasi haikosi watu wa kuchukia, nami huwachukia kwa utaratibu. Kuna magari ya makampuni, yenye bendera ndogo juu ya mlingoti, yanayokuja nyuma yako yakiwasha taa mchana kweupe, kana kwamba barabara ni ujia wa ofisi yao. Yanakupita kwenye kona. Aliye juu mngoje chini: mara nyingi nimeyakuta mbele gurudumu limepasuka, wenye kofia ngumu wamesimama juani wakipiga simu. Kuna malori mawili yenye mzigo wa shaba yanayoshindana mlimani, moja polepole, jingine polepole kidogo tu kuliko hilo, na sisi wengine nyuma tunangoja matokeo. Kuna wanaowasha taa za kuonyesha njia pande zote mbili kwa pamoja, wakiamini kwamba ukishafanya hivyo unaruhusiwa kusimama popote, hata juu ya daraja. Kuna aliyeharibikiwa, akakata matawi na kuyatandika barabarani ili kuonya wengine. Hilo ni jema, na sote tunalifanya. Lakini akishapata msaada anaondoka, matawi anayaacha, na sisi tunaendelea kuyakwepa kwa hatari mpaka yakauke.

Na kuna yule ninayemchukia kuliko wote, mtu wa peaje. Peaje ni kizuizi cha kulipia barabara. Wewe unakikaribia kwa heshima, yeye anakuja mbio kutoka nyuma, anakupita kwa nguvu, anaingia mbele yako kwenye foleni, kisha akifika dirishani anaanza kumuuliza mlipishaji habari za nyumbani. Risiti anaisoma mbele na nyuma. Kizuizi kikifunguka anaondoka taratibu kabisa, maana haraka yake imekwisha. Siku hiyo tulimpata mapema. Nilimtukana kwa Kifaransa, lugha ninayofundishia shuleni, ili isihesabiwe kwamba nimevunja nadhiri.

Baba hakumtukana. Aliuliza tu kama yule ameingia mbele yetu. Nikasema ameingia. Alikuwa pale pale mbele ya kioo, gari jekundu lenye mstari wa Zaburi umeandikwa nyuma kwa herufi kubwa. Nilidhani baba anaonyesha ustaarabu.

Baada ya daraja la Lualaba nilianza kuona kwamba baba naye ni dereva wa kuudhi. Alikwenda pole kupita kiasi. Mwenda pole hajikwai, lakini kuna pole inayowafanya wengine wajikwae. Tulikaa nyuma ya gari dogo la mbuzi, tukanusa mbuzi, akauliza: "Kuko mutu?" Nikachungulia, nikasema pita. Hakupita. Akauliza tena. Nikasema tena pita. Akataka kujua kama kuna watu pembeni, kama kuna mashimo, kama yule wa mbuzi anayumba. Nikamjibu kwa kifupi, kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa. Mwishowe alipita, kwa kuachana nalo mbali mno, mpaka gurudumu letu la kushoto likaingia kwenye changarawe ya upande wa pili. Nilifunga macho. Baba akapumua kwa nguvu, akasema safari ni kimya leo.

Nilijaribu kulitoa lile neno la ndugu zangu. Nilianzia mbali, kwamba barabara siku hizi imekuwa mbaya. Baba akajibu kwamba barabara ni nzuri kuliko zamani, ni watu walioharibika. Nikajaribu njia nyingine, kwamba kila mtu ana umri wake wa kupumzika, na kwamba hata yeye alikwisha kuona mengi. Akakubali. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," akasema, kisha akacheka peke yake, kicheko kirefu, na mimi sikuona cha kuchekesha. Nikaacha. Nikajiambia nitalisema tukipita Likasi.

Kabla ya Fungurume kulikuwa na mtu wa makala, yaani makaa ya kupikia. Watu hawa hupakia magunia juu ya baiskeli mpaka baiskeli yenyewe isionekane, na hawaipandi, wanaisukuma. Huyu alikuwa pembeni kuume, upande wa baba, mguu mmoja kwenye lami. Nilimwona kutoka mbali na nikanyamaza, kwa maana dereva haonyeshwi kilicho mbele ya pua yake. Baba hakupunguza. Hakusogea. Nilingoja asogee, nikangoja tena, kisha nikakuta mkono wangu umekwisha kushika usukani na kuuvuta kushoto. Yule mtu alijitupa majanini, na baiskeli ikaanguka upande wake.

Baba alisimamisha gari mbele kidogo. Nilishuka nikarudi mbio. Mtu alikuwa mzima, amechubuka viganja. Gunia moja lilikuwa limepasuka. Alisema maneno kuhusu baba yangu ambayo sikuweza kuyapinga. Tuliokota makala pamoja, tukalifunga gunia kwa kamba yake, nikamsaidia kuisimamisha baiskeli, nikaomba radhi kwa niaba ya gari zima. Muda wote huo baba hakushuka. Nilipogeuka nilimwona amekaa vilevile, mikono miwili juu ya usukani, anatazama mbele.

Nilipoingia aliniuliza, bila ukali: "Mbona haukusema?"

Niliwaka. Nilimwambia kwamba mtu yule alikuwa upande wake, si upande wangu. Kwamba kazi ya kiti cha kushoto ni kutazama wanaokuja, si kumhesabia dereva kila baiskeli iliyoko duniani. Kwamba kama tungemuua, tungemuua kwa macho makavu, mchana, barabara ikiwa tupu. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa makala na nilikuwa nimeipaka kwenye gauni bila kujua.

"Mama yako anasemaka," akajibu.

Alilisema kama mtu anayelalamika kwamba chumvi imesahaulika mezani. Nilikuwa na hasira mno hata nisilisikilize. Tukaenda.

Fungurume alisimama kando ya wauza mihogo, akazima gari, akashuka. Alizunguka mbele huku mkono wake ukitembea juu ya boneti, akaja kwenye mlango wangu. Akaniambia niendeshe, vumbi limemwingia machoni. Nilishangaa kuliko nilivyoonyesha. Mzee huyu hakuwahi kumpa mtu usukani wake. Hakumpa mume wangu siku ya harusi yetu, hakumpa hata kasisi aliyemwomba kwa unyenyekevu. Nikajiambia kwamba ajali ile isiyokuwa ajali imemfundisha, na kwamba kazi niliyotumwa itakuwa nyepesi. Kusema kweli, nilifurahi.

Nina kibali cha kuendesha, lakini nimezoea gari la mume wangu lenye usukani kushoto. Humu kila kitu kilikuwa kinyume. Kila nilipotaka kuwasha taa ya kuonyesha njia nilisafisha kioo. Majani yalipita karibu na bega langu, na katikati ya barabara palikuwa mbali, upande wa baba. Lakini nilizoea kidogo kidogo, na baba kushoto alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepanda gari la wageni.

Tukaja nyuma ya lori la chokaa. Lilikuwa limefunikwa turubai lililopasuka, na chokaa ikatoka kwa vipande na unga, ikatuangukia kiooni. Nilitaka kulipita mara moja. Nikauliza kama inavyoulizwa: "Kuko mutu?"

Baba akainama mbele, akachungulia kushoto. "Ngoja," akasema.

Nikangoja. Hakikuja kitu. Nikauliza tena, akachungulia tena, ngoja. Nikangoja. Ikapita pikipiki moja yenye kuku, nikajiambia labda ni hiyo. Nikauliza, ngoja. Nyuma yetu foleni ikaanza kukua. Gari la bendera likaja likiwasha taa, likatupita sisi na lori kwa pamoja. Basi likatupita, na dereva wake akanifungulia kiganja chote dirishani kwa tusi. Likapita gari la mizigo lililopakia vitanda. Wote hao walikuwa wameiona barabara. Nilikuwa nimekuwa yule dereva ninayemlaani, yule aliyeganda nyuma ya lori na kufunga nchi, na nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilimuuliza baba kwa ukali kidogo kama anatazama kweli. Akasema anatazama.

Kisha barabara ikakunja kuume. Kwenye kona ya namna hiyo, anayekaa kuume anapata nafasi fupi ya kuona mbele ya lori. Niliona lami tupu, inashuka, inapanda, inaisha juu ya kilima, bila gari wala mbwa.

"Kuko mutu?" nikauliza.

"Ngoja. Inakuja moja."

"Ya rangi gani?"

Alikawia. Alisogeza uso karibu na kioo, akaurudisha.

"Nyeupe," akasema.

Magari karibu yote ya barabara ile ni meupe. Nilingoja hilo jeupe lije. Tulimaliza kona, tukashuka, tukaanza kupanda, na hakuna kilichokuja. Nikapunguza, nikaingia pembeni, nikazima gari. Lori la chokaa likaenda zake. Nilifikiri nikinyamaza atatafuta neno la kujitetea, nami nitamwachia.

"Mi sioni, mwana," akasema. "Ni muda sasa."

Anaona kidogo, alinieleza. Anaona mwanga, anaona rangi ya barabara na rangi ya majani na pale zinapokutana. Lori analiona likiwa karibu. Mtu hamwoni mpaka asogee, na mtu wa makala, mweusi, na magunia meusi, kwenye kivuli, hamwoni kabisa. Alieleza kwa utulivu, kama anavyoeleza kasoro ya injini.

Hasira yangu ilirudi yote. Nilimwambia kwamba Pasaka ile watoto wangu walikuwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimwambia kwamba akina mama wa kanisani wamepanda gari hili wakiimba, kwamba aliwapeleka msibani na kuwarudisha, na kila mmoja wao ana watoto. Nilimuuliza alikuwa anaendesha kwa nini, kwa macho ya nani. Nilipolisema hilo nikasikia jibu lake kabla hajafungua mdomo. Kinga pale. Mbuzi. Mutoto anataka kuvuka. Punguza. Miaka yote hiyo tuliyomwiga mama na kumcheka, mama alikuwa kazini.

"Mama anajua," nikasema.

Baba akatikisa kichwa kukubali. Hawajawahi kuliongea, akasema. Siku moja tu, wakirudi Kolwezi, alikaribia kumgonga mbuzi, na mama akaanza kusema yaliyo barabarani, hakuacha tena. Hakumuuliza kitu. Yeye naye hakumwambia kitu. Alifuata maneno yake, basi. Mama akisema punguza, alipunguza. Mama akisema shimo kuume, alikwepa kushoto.

Hapo nilikumbuka nilichotumwa, na nikaona hakuna haja ya kuzunguka tena. Nilimwambia waziwazi kwamba ndugu zangu wanataka aache usukani, na mimi pia nataka, leo, si kesho. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa tayari kusikia habari za Mashamba na malori yake, na jina lake la mtaani, na nilikuwa nimejipanga nisilie.

"Mi nilitaka kuacha zamani," akasema. "Lakini mama yako anajikaza sana. Kila safari anajikaza. Nikiacha, atawaza ni yeye njo alishindwa."

Nilitazama mbele. Magari yalitupita, lile la kwanza likitikisa letu kwa upepo wake, na lililofuata, na mengine. Baba akatoa kitambaa akajifuta uso, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni. Aliomba jambo moja tu, kwamba mama asijue kwamba ameniambia. Niseme chochote ninachotaka, lakini si hilo. Nilimwambia sawa. Nililia kidogo, hakuona, na nilimshukuru Mungu kwa hilo na papo hapo nikaona vibaya kwa kushukuru.

Tulifika Lubumbashi mchana umekwisha kulegea, tukiwa nyuma ya malori njia yote. Hatukulipita hata moja. Kila aliyetaka kunitukana alinitukana, nami nilimwacha. Tangu siku hiyo gari naliendesha mimi, na baba amekwisha kuonwa na daktari, akapewa matone na ahadi ya upasuaji. Kaka wa Dilolo alinipongeza kwenye simu kwa jinsi nilivyolimaliza jambo bila kelele. Nilipokea pongezi.

Lakini siku ile, kwenye uwanja wa mdogo wangu, nilikuwa bado sijui nitasema nini. Mama alitoka nyuma ya nyumba, mikono inadondosha maji ya kufulia nepi. Aliniona nashuka kuume. Alimwona baba anafungua mlango wa kushoto. Alisimama. Kisha alikuja kwangu upande wa nyuma wa gari, karibu sana, na kuniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nimeendesha mimi. Nilimwambia nimemsumbua mzee tangu Kolwezi anipe usukani, nataka kulizoea gari, na sasa nimelizoea silirudishi. Aliuliza kama alikubali. Nikasema alikataa kwanza, akagomba, mpaka Fungurume. Mama alinitazama muda mrefu, machoni kabisa. Mabega yake yakashuka. Sikujua kama ameniamini, na mpaka leo sijui.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha kibaraza, amevaa kikwembe, kitenge kile cha mama, mtoto begani, hasemi kwa kuogopa kumwamsha. Baba alipiga hatua kutoka juani, mkono mmoja mbele kidogo. Akasimama. Akamwelekezea tabasamu lile analompa mama peke yake, akamuuliza, kwa upole wa mume aliyekaa siku nyingi bila mkewe, kama alikuwa anamngojea.

Mdogo wangu alifungua mdomo. Mama alikuwa amekwisha kuniacha. Alipita nyuma ya baba bila kukanyaga changarawe, akapanda kibarazani, akamsogeza mwanawe kwa bega, akasimama mahali pake.

"Nilikuwa nakungojea," akasema. "Karibu."